Uji wa Mtoto na Hofu ya Kimea

Nyumba nyingi za Mbulu na Hanang humwanzishia mtoto wa miezi 6 uji wa mahindi. Ukiwa mzito hamezi, mama huongeza maji, kikombe kinaisha. Mtoto ameshiba, lakini ameshiba maji.

Tazama maziwa ya ng'ombe. Gramu 100 zina karibu gramu 13 za chakula, na bado yanatiririka. Uji wenye gramu 10 tu za unga tayari umekuwa mzito. Protini kuu ya maziwa imejikusanya katika vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo husukumana, hivyo hupishana bila kukwama. (Maziwa yakichacha, asidi huondoa msukumano huo, vidonge vikashikana: ndiyo mgando wa kwenye kibuyu.) Chembe za wanga wa mahindi hazifanyi hivyo. Zikipata maji ya moto hunywa na kuvimba mpaka zinabanana, uji ukakosa pa kupita. Kwa hiyo uzito wa uji si kipimo cha chakula kilichomo.

Kikombe cha mililita 250 chenye gramu 25 za unga kina kalori kama 90. Ukizimua kwa maji kiasi hicho hicho, kikombe kinabaki na 45. Na mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya anahitaji karibu kalori 300 kwa siku nje ya maziwa ya mama, ilhali tumbo lake kwa mlo mmoja halibebi zaidi ya kikombe.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walichunguza dawa ya tatizo hili: kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Nafaka ikichipua hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za wanga. Uji unalegea, unga unabaki. Hapo kikombe kinaweza kubeba hata gramu 50, na mtoto akanywa.

Wapo Waislamu wanaokikataa kimea kwa kuwa ndicho kinachopikiwa pombe. Hofu hiyo isichekwe. Lakini kimea chenyewe hakileweshi. Kilevi hutokea hamira inapokula sukari kwa muda mrefu, na uji unaonywewa mara tu baada ya kuiva haupati muda huo. Uliolala ukatoa povu, mwaga. Mwenye shaka ya hukumu amuulize sheikh wake.

Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3 (baridi ya Mbulu huchelewesha), anika, pukuta machipukizi, saga. Ulioota ukungu usitumike kabisa. Mtama uepuke, machipukizi yake yana sumu. Pika uji mzito, uepue upoe kidogo, kwani moto mkali huua vimeng'enya, kisha tia kijiko cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika 10 hivi utaona umelegea. Ongeza maziwa au karanga zilizosagwa, kwani mahindi peke yake hayana protini ya kutosha, kisha urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi hubeba vijidudu vya kuharisha.