Kansa ya Miaka 3,200 Iliyopita

“Zamani hakukuwa na kansa, ni hivi vyakula vyenu vya siku hizi.” Karibu kila familia ina mzee wa kusema hivyo. Sasa hebu tumwangalie kijana mmoja aliyezikwa Amara West, kaskazini mwa Sudan, mnamo mwaka 1200 hivi kabla ya Kristo.

Alifariki akiwa na miaka kati ya 25 na 35, akazikwa kwenye jeneza la mbao lililopakwa rangi. Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2013 na Michaela Binder, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Durham (naam, mwanafunzi kama sisi). Mitulinga, mbavu, uti wa mgongo, nyonga: kote kulikuwa na vishimo. Eksirei na hadubini ya elektroni zilionyesha saratani iliyoanzia kwenye nyama laini ya mwili, ikasambaa hadi mifupani. Ilianzia wapi hasa? Nyama yenyewe ilishaoza zamani. Watafiti wanahisi moshi wa kuni, kurithi, au kichocho, minyoo ile ile ambayo hata leo husababisha saratani ya kibofu.

Mbona basi mifupa ya namna hii ni adimu? Kwa sababu mara nyingi kansa hukaa ndani ya mfupa. Ni kama mlango ulioliwa na mchwa: kwa nje umesimama, ukiubonyeza kidole kinazama. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walipiga eksirei na picha za CT mifupa ya watu wazima 143 waliozikwa eneo hilo kati ya karne ya 6 na ya 16. Watano walikuwa na kansa, yaani asilimia 3.5.

Hapo ndipo hesabu inanoga. CT hunasa takriban robo tatu tu ya kansa za mifupani, kwa hiyo 3.5 inakuwa kama 4.7. Halafu, kati ya wanaofariki na kansa, ni theluthi moja hadi nusu tu ambao huwa imefika mifupani. Gawanya tena: unapata asilimia 9 hadi 14. Kabla ya hapo ilidhaniwa haifiki hata 1.

Mzee wetu hajakosea kabisa, lakini. Uingereza ya leo kiwango ni asilimia 40 hadi 50. Wale wa Cambridge hawakuwa wameijua tumbaku, na wengi hawakuishi hadi uzee, umri ambao kansa hushika kasi.