Baiskeli na Haki za Watu wa Nyumbani

Wengi wenye kazi na watoto husema kwamba wangependa kupanda baiskeli kama walivyofanya ujanani, lakini wakati hawana. Neno hili si uwongo. Mtu aamkaye Alfajiri akenda kazini, akarudi jioni amechoka, na nyumbani akamkuta mtoto ataka kusomeshwa na mzee ataka kupelekwa hospitali, huyo wakati atautoa wapi? Walakini sisi twaona kwamba mwenye kutafuta saa tupu katika siku yake hataipata kamwe, kwani siku ya mwenye nyumba haina saa tupu. Na azitazame njia azipitazo kila siku kwa gari. Humo wakati umo, naye autumia kwa kukaa kitini.

Tuutwae mfano wa mji wa Tanga, ambao tangu zamani wajulikana kwa wingi wa baiskeli, na njia zake nyingi ni tambarare. Mfanyakazi akaaye kilomita 4 kutoka kazini kwake, akipanda ile baiskeli nzito ya inchi 28 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, pasipo kushindana na mtu, atafika kwa dakika 20. Kwenda na kurudi ni dakika 40, na kwa siku 5 za kazi ni dakika 200. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Basi mtu huyu amekwisha kuutimizia mwili wake fungu lake, wala hajamwomba mkewe hata dakika moja! Na zile dakika alizokuwa akingojea daladala ijae abiria zimemrudia mkononi.

Na jambo hili la kuomba dakika ndilo tulilokusudia hasa kulisema. Wako wanaume ambao kila Jumapili hutoka na wenzao asubuhi, wakenda kilomita 60 au 80, wakarudi Adhuhuri, wakala, wakalala hata Alasiri. Mchezo ni mzuri, wala hatuukatazi. Lakini kwa mwenye watoto wadogo siku ile haikuwa yake peke yake. Mkewe naye amefanya kazi juma zima, aghalabu ya nje na ya jikoni pamoja. Mtume (S.A.W.) alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr hufunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa sala, alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe kadhalika. Ikiwa ibada ilitiwa mpaka kwa ajili ya watu wa nyumbani, sembuse mchezo? Lakini tusisahau kwamba mwili nao ulitajwa. Kukaa bila kujishughulisha ni moja katika mambo yaongezayo hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, na baba mgonjwa ni mzigo kwa wale wale aliojinyima kwa ajili yao.

Basi na wagawane. Akitoka yeye Jumamosi, Jumapili iwe ya mkewe, naye baba abaki awapikie watoto uji. Buibui si kizuizi: iko baiskeli ya kike isiyo na chuma cha juu, na ikitiwa kifuniko cha mnyororo na wavu kando ya gurudumu la nyuma, vazi halinaswi. Hwenda bibi akapenda kwenda kwa miguu na dada zake. Shauri ni lake.

Watoto nao wasiachwe. Mwongozo ule ule wawatakia wao dakika 60 kila siku. Kijana wa miaka 10 mwenye baiskeli yake aweza kufuatana na babaye kununua mkate wa jioni kwa vichochoro vya ndani, si barabara kuu yenye malori, na njiani humwambia mambo ambayo nyumbani, mbele ya ndugu zake, hayasemi.

Wakati mwema ni kati ya Alasiri na Magharibi, saa 2 na zaidi, jua likishapungua ukali. Kusi likivuma, mtu aanze kwa kulikabili na kurudi nalo mgongoni. Afanyaye kinyume hufika adhana imekwisha na chai imepoa.

Kisha wakati mwingi haupotei njiani bali uani, asubuhi, mtu agunduapo kwamba gurudumu halina pumzi, akaghadhibika, akapanda gari. Hewa ya pwani ina chumvi, na mnyororo usiotiwa mafuta hushika kutu upesi. Baada ya Isha atie pumzi, apanguse mnyororo, ajaribu breki na taa nyekundu ya nyuma, na aiegemeze baiskeli karibu na mlango.