Je, Wajua? Maswali ya watoto wachanga yana uzito wake

Kipimo cha makuzi ya watoto chini ya miaka 3 kiitwacho GSED, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, kilijaribiwa Bangladesh, Pakistan na Pemba. Huku Pemba kazi ilipitia Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, wilayani Chake Chake.

Maswali ya kipimo hicho hayalingani kwa ugumu. Swali la kukaa bila kushikwa ni jepesi. La kuunga maneno mawili ni gumu zaidi. Ugumu huo hukadiriwa kwa modeli ya Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark. Kisha programu ya kompyuta iitwayo dscore hufuata kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761: huanza na makisio ya makuzi yanayotokana na umri wa mtoto tu, halafu kila jibu huyasogeza. Mama akisema “bado” kwenye swali jepesi, makisio hushuka sana. Kwenye swali gumu, hayasogei sana. Kwa hiyo hata watoto walioulizwa maswali tofauti huweza kulinganishwa, jambo ambalo kuhesabu vema na makosa pekee hakuliwezi.