Mapenzi, majoka, na swali la nani analipa

Wandugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu mulioko bado kwenye masomo,

Kuna maneno nayasikia kila mara mtu akimkuta kijana na riwaya ya majoka kwenye simu: "Kumbe ulimaliza lisansi ili usome hadithi za watoto?" Mimi nazisoma na nitaendelea kuzisoma. Lakini sitazitetea zote. Leo nataka nieleze riwaya hizi zinavyofanya kazi, halafu niwaachie swali moja ambalo natembea nalo ninapozisoma hapa Vitshumbi: nguvu hii, ao penzi hili, nani analilipia?

Kwanza tuelewane juu ya aina yenyewe. Kwa miaka hii ya karibuni wauza vitabu wa Ulaya na Marekani wanaiita romantasi. Ni riwaya ya maajabu na riwaya ya mapenzi katika chungu kimoja. Maajabu yanaleta dunia yenye sheria zake: falme, majoka, viumbe wasiozeeka. Mapenzi ndiyo yanayokufanya ufungue sura nyingine saa sita za usiku wakati batri imebaki asilimia nane. Watu wawili wanatakana, lakini kati yao kuna kitu, na kitu hicho mara nyingi ni uadui. Ukoo wake ulimwaga damu ya ukoo wangu, ao yeye ni mtekaji na mimi ni mateka. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba watapatana. Anachosubiri ni kuona watapatanaje.

Vitabu hivi vinatoka kwa mfululizo, cha tatu, cha tano, na vijana wa TikTok wanavitangaza kuliko magazeti. Onyx Storm cha Rebecca Yarros, kitabu cha tatu katika mfululizo wake wa majoka, kilitoka tarehe 21 Januari 2025 na katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2.7. Kwa sisi wa Kivu ya Kaskazini wiki hiyo haihitaji maelezo: tarehe 27 M23 waliingia Goma. Huko watu walikuwa wanapanga mistari kununua vita vya karatasi.

Kwetu vitabu hivi vinafika kwa PDF, kwa Kifaransa, kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine. Mega zinanunuliwa kidogo kidogo, simu inachajiwa kwa mwenye paneli ya jua. Hapo swali langu la nani analipa linaanza kutuuma sisi wenyewe, maana mwandishi na mfasiri hawapati hata franga moja. Najua jibu: duka la vitabu liko wapi hapa ziwani? Sawa. Ila tusijifanye kwamba swali halipo.

Sasa tuingie ndani ya vitabu.

Sarah J. Maas alitoa A Court of Thorns and Roses mwaka 2015, na wengi wanakihesabu kuwa ndicho kilichofungua mlango. Msichana Feyre anaingia porini wakati wa baridi kali kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Anaua mbwa mwitu mkubwa. Kumbe yule mbwa mwitu alikuwa mmoja wa viumbe wa ng'ambo ya ukuta, na kuna mkataba wa zamani unaosema uhai unalipwa kwa uhai. Dude linakuja mlangoni kumdai.

Mtu wa Vitshumbi akisoma hapo hana haja ya kuelezwa. Kijiji chetu cha uvuvi kiko ndani ya Pariki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kulima hakuruhusiwi, kuwinda hakuruhusiwi, na njaa haijawahi kuomba ruhusa. Tunajua maana ya kuishi karibu na mnyama ambaye sheria inamlinda kuliko inavyokulinda wewe. Angalau ndivyo watu wanavyolalamika. Tunajua pia kwamba walinzi wa Pariki zaidi ya 200 wameuawa kazini tangu ianzishwe, na kila mmoja alikuwa na mama. Kwa hiyo ule mkataba wa Feyre, ambao msomaji wa Paris anaupita haraka ili afike kwenye busu, mimi niliusoma mara mbili.

Tena Maas ana jambo moja nalipenda. Katika kitabu cha kwanza mwanamume aliyemchukua Feyre, Tamlin, anageuka mpenzi, na unaweza kusema: haya, tena ni hadithi ya mfungwa anayempenda mfunguo. Lakini mwaka 2016, katika kitabu cha pili, mwandishi mwenyewe anarudi kudai deni. Tamlin anamfungia Feyre ndani ya nyumba, eti kwa kumlinda, na Feyre anavunjika hadi anaondoka. Wasomaji wengine walikasirika kuona kijana waliyempenda ameharibiwa. Mimi naona hakuharibiwa. Alikuwa hivyo tangu mwanzo, ila tulikuwa tunaangalia macho yake mazuri.

Fourth Wing, cha mwaka 2023, ndicho cha kwanza katika ule mfululizo wa Yarros. Violet alijiandaa kuwa mwandishi wa kumbukumbu, lakini mama yake, jenerali, anamtupa kwenye chuo cha vita cha wapanda majoka. Humo anamkuta Xaden, ambaye baba yake aliongoza uasi na akauawa. Watoto wa waasi wote wametiwa alama kwenye ngozi, ili kila anayewaona ajue wametoka kwa nani. Na Xaden ana makovu 107 mgongoni: kovu moja kwa kila mtoto wa waasi ambaye amekubali kumdhamini. Aliyemchana ni mama yake Violet.

Hapo nilifunga simu kidogo. Huku kwetu ni nani asiyejua mtoto anayeulizwa jina la baba, lugha ya nyumbani, kijiji cha babu, kabla hajaulizwa kama amekula? Katika kikao cha wahitimu swali hili haliwezi kuzungumzwa dakika tano bila mtu kusimama na kutoka. Katika riwaya unazungumza juu ya Xaden, si juu ya jirani, na watu wanabaki wamekaa. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya riwaya ya maajabu, na ndiyo maana siikubali ile kejeli ya "hadithi za watoto". Na Yarros anaongeza jingine: ufalme wenyewe unaficha ukweli kuhusu vita katika nyaraka zake. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kutafuta historia ya mkoa huu kwa ajili ya memwari yake ataelewa.

Lakini kitabu hicho kina udhaifu mkubwa. Wanafunzi wanakufa kila siku. Asubuhi majina yanasomwa kwenye mstari, na kurasa mbili mbele tunarudi kwenye mapenzi. Hakuna kilio, hakuna mama anayefika, hakuna anayeuliza nguo za marehemu zitapelekwa wapi. Kwetu mtumbwi ukipinduka na mtu mmoja tu akapotea, kijiji kizima kinahesabu siku. Mwandishi ametaka utamu wa vita bila matanga. Anayelipa pale ni wale wasio na sura, na kwangu hiyo ni bei iliyofichwa.

Halafu kuna Captive. Hiki naomba tukizungumze polepole, kwa sababu ndicho kinachotembea sana kwa wasichana wanaosoma Kifaransa. Kiliandikwa na Sarah Rivens, kijana wa Algeria, kwanza bure kwenye Wattpad, halafu kikachapishwa Ufaransa mwaka 2022. Hakina majoka, kina wahalifu, lakini kimejengwa na mifupa ile ile. Ella anashikiliwa na mtandao wa wahalifu na kutumikishwa kama mateka. Anakabidhiwa kwa Asher, mwanamume katili mwenye silaha, na kati yao linakuja penzi.

Nimesikia wanaokipenda wanavyosema, na sitawacheka. Wanasema Ella ameumizwa kabla, na kitabu kinachukua muda kuonyesha jinsi mtu aliyeumizwa anavyoanza tena kuamini. Hilo ni kweli, na ni vitabu vichache vinavyojaribu. Lakini mdogo wangu wa kike alinirudishia simu katikati na kuniuliza: "Yaya, huyu mutu anamupenda, ao amemuchosha tu mpaka akanyamaza?" Mpaka leo sijapata njia bora ya kulisema.

Maana huku kutekwa si mtindo wa hadithi. Kwenye barabara inayopita Parikini kuelekea Rwindi, wasafiri wametekwa mara nyingi, familia zikauza mtumbwi, nyavu na kiwanja ili kumkomboa mtu wao. Kuna waliorudi wasioweza kueleza. Mwanamume mwenye bunduki aliyemshika msichana hana siri nzuri moyoni inayosubiri kugunduliwa kwenye ukurasa wa mia tatu. Msomaji wa Lyon anaweza kufunga kitabu na kurudi kwenye mji usio na Asher, na kwake hofu ile ni kama pilipili katika chakula. Sisi tumeshaila bila chakula. Simkatazi mtu kusoma. Kukataza kunauza vitabu tu. Nasema tu kwamba uadui unageuka mapenzi ya kweli pale mwenye nguvu anapoweka kitu chini: silaha, cheo, ufunguo wa mlango. Xaden anabeba makovu kwa ajili ya wengine. Tamlin alishindwa kuuacha mlango wazi na mwandishi akamtoza. Asher anaweka nini chini? Nimetafuta, nikaona anayelipa kila mara ni Ella.

Watu watasema: basi tusome vya kwetu. Vipo. Mwaka 1998 huko Abidjan walianzisha Adoras, vitabu vidogo vya mapenzi ambamo wapenzi wana mashangazi, mahari na kodi ya nyumba. Shaaban Robert aliandika majini na watu waliogeuzwa manyani katika Adili na Nduguze mwaka 1952. Lakini mimi nitawapeleka karibu zaidi, Walikale.

Wanyanga wana utendi wa Mwindo, wa aina wanayoiita karisi. Mwaka 1956 mtambaji Shé-Kárisi Rureke aliusimulia kwa Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 ulichapishwa Marekani na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Ndani yake yamo yote ambayo leo yanauzwa kwa dola. Kuna Mukiti, nyoka mkuu wa maji, bwana wa kilindi cha mto, anayekwenda kumposa Iyangura, dada wa mtemi Shemwindo. Mwanamke aolewe na bwana wa majini! Mtu akiiandika leo vizuri, TikTok itatulia. Lakini angalieni: Mukiti anaposa, kuna mazungumzo, kuna mali inayotolewa, kuna ukoo unaosindikiza. Na hata baada ya hapo, Mukiti anamfungia mkewe chini ya ulinzi, na hadithi haifichi kwamba huo ni ufungwa.

Mwindo ni mtoto ambaye baba yake hakumtaka. Anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini, na anayeipasua ngoma hiyo na kumtoa ni shangazi yake Iyangura. Baadaye Mwindo anamfuata baba hadi kuzimu, na anapomshika hamuui, wanagawana utawala. Halafu inakuja sehemu ya joka. Kirimu ana vichwa saba, pembe saba, macho saba, na amemeza watu. Mwindo anamuua. Katika riwaya za leo hapo ni mwisho: ngoma, taji, busu. Katika utendi wetu moshi wa nyama ya joka unapanda hadi puani mwa Nkuba, bwana wa radi, ambaye alikuwa rafiki wa Kirimu. Nkuba anamchukua Mwindo juu, anamtembeza kwenye mvua, baridi na jua kali kwa mwaka mzima, na anamrudisha na mwiko: asiue tena mnyama.

Shujaa anaadhibiwa kwa ushindi wake! Sijaona hilo katika riwaya yoyote ya majoka niliyosoma kwenye simu. Na sisi wa Ziwa Edouard tuna sababu ya kulielewa. Katika miaka ya 1970 Pariki hii ilikuwa na viboko karibu 30,000. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wameuawa kwa nyama na meno, wengi na watu wenye bunduki. Samadi ya kiboko inarutubisha maji. Kiboko akipungua, chakula cha tilapia kinapungua. Wazee wavuvi wanasema nyavu zilianza kurudi nyepesi, na hawakuhitaji kusoma Biebuyck.

Nasikia kuna wahitimu wa hapa wanaoandika riwaya zao kimyakimya, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Tumeni sura moja kwenye ukurasa huu, tutaisoma. Na ninyi wa Walikale na Masisi, nisaidieni: bibi zenu wanamsimuliaje Kirimu? Ana vichwa saba kwenu pia, na Nkuba anapomshusha Mwindo, anamwambia nini?