Ulimi wakana, nywele zasema

Mzazi, tuseme umesikia fununu mtaani kwamba kijana wako ameanza kutumia dawa za kulevya. Je, utamuuliza na kuridhika na jibu lake, au utampeleka akapimwe?

Wataalamu wa Detroit, Marekani, walijaribu njia zote mbili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, waliwauliza vijana zaidi ya 400 kama walitumia dawa hizo, kisha wakapima nywele zao. Uwezekano wa nywele kufichua kokeini ulikuwa mara 52 kuliko ule wa kijana kukiri mwenyewe. Vijana hao walitoka katika mazingira ya hatari, hivyo hesabu hiyo si ya kila mtoto.

Lakini usiwacheke vijana. Wazazi wao nao walipimwa, na nywele zao zilifichua kokeini zaidi ya mara sita kuliko walivyokiri wenyewe!

Basi tuamini maabara pekee? La. Mkojo huonyesha kokeini ya siku mbili au tatu tu zilizopita, ilhali bangi ya mtu anayevuta kila siku yaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hivyo sentimita 3 hueleza habari za miezi 3. Hata hivyo, aliyetumia jana nywele hazitamnasa, kwa kuwa sehemu hiyo bado haijachomoza kichwani. Isitoshe, dawa ya kikohozi yenye kodeini yaweza kumfanya asiye na hatia aonekane ametumia afyuni. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakitoshi kumhukumu mtu.

Zaidi ya hayo, hakuna kipimo kitakachokuambia nani alimpa mwanao dawa hiyo, wala ni shida gani iliyomsukuma. Hayo atayasema yeye mwenyewe, na hatayasema akijua kinachomngojea ni kiboko au kufukuzwa nyumbani.

Kwa hivyo anza kwa mazungumzo, mkiwa mmetulia. Kama shaka ingalipo, mwone daktari, na umweleze kijana mapema ni nini kitakachopimwa na kwa nini. Na kabla ya yote, jiulize: mwanao akikuuliza leo umekunywa chupa ngapi wiki hii, utamwambia ukweli?