Jenereta linapozima dakika ya 35

DAKIKA ya 35, Simba na Yanga, kibanda umiza kimejaa hadi mlangoni. Kona inapigwa, watu wote wamesimama. Mara giza. Jenereta limezima.

“Oyaa, rudisha buku zetu!” Kijana wa jenereta anavuta kamba mpaka jasho linamtoka. Kimya. Baada ya dakika 20 anavuta mara moja tu, linawaka. Nusu ya wateja wameshahamia kibanda cha jirani, na bao limeshaingia.

Ugonjwa huo una dalili zake: mashine ya baridi inawaka vizuri, ikipata moto inazima, ikipoa inarudi. Hapo mshukiwa mkubwa ni koili.

Kwenye jenereta dogo la petroli, koili inakaa pembeni ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Sumaku ya flaiwili ikipita mbele yake, umeme unazalishwa ndani ya koili. Transista inaukata ghafla, cheche inaruka kwenye plagi. Vyote hivyo vimezamishwa kwenye gundi ngumu. Waya ukiachia humo ndani, joto likipanda unaachana, ukipoa unagusana tena.

Kwa hiyo fundi anayesema ataifungua aitengeneze, aulizwe mara mbili. Koili ya aina hii haiendi kwa daktari wa timu. Ikiumia, inafanyiwa sabu.

Ila kadi nyekundu isitoke haraka. Kwanza, ijaribiwe plagi mpya. Pili, oili iangaliwe: majenereta mengi yana swichi inayokata cheche oili ikipungua, na koili inasingiziwa bure. Tatu, uchomolewe ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda swichi ya kuzimia, kisha cheche ipimwe mbali na petroli. Ikirudi, koili ni nzima. Ubovu uko kwenye swichi au waya uliochubuka. Waya huo urudishwe baada ya kupima, maana bila huo swichi haizimi injini.

Cheche ikigoma, inunuliwe koili mpya ya injini ileile. Kufunga ni bolti mbili tu, lakini nafasi kati ya koili na sumaku ndiyo mchezo wenyewe. Kwa Honda GX160 ni milimita 0.4, kama unene wa kadi ya biashara. Kadi inawekwa katikati, sumaku inaivuta koili, bolti zinakazwa, kadi inatolewa.

Kosa la mwisho ni kuliwasha dakika tano na kusema limepona. Koili mbovu inacheza vizuri mwanzoni. Lipewe dakika 90 kamili, TV na spika zikiwa juu, siku moja kabla ya mechi.

Mwenye kibanda yule sasa anafanya hivyo kila wiki ya derby. Buku alizorudisha siku ile zingetosha kununua koili, na chenji ikabaki.