Helmeti moja, vichwa viwili: Sheria ya boda ikifika Tarbaj

Wewe uliyezoea mjini, ukitaka boda unasimama tu kando ya barabara na tatu zinakukimbilia. Sasa jiweke Tarbaj, Kaunti ya Wajir, kwenye njia ya kutoka Wajir kuelekea El Wak na Mandera. Ni saa mbili usiku na hakuna taa hata moja barabarani. Anayekubeba ni kijana rika lako, pikipiki ni ya mkopo, na helmeti iko moja tu.

Nani aivae?

Sheria haina maneno mengi. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinataka dereva avae helmeti na jaketi yenye rifleka, abiria vivyo hivyo, na abiria awe mmoja. Kanuni za makosa madogo za 2016 zikaongeza faini ya papo hapo: Sh1,000 kwa dereva asiye na vifaa, Sh1,000 kwa abiria, na Sh1,000 kwa dereva anayebeba zaidi ya mmoja. Piga hesabu. Akitoza Sh100 kwa safari, faini moja imekula safari 10, na petroli bado hujaitoa.

Halafu kuna yale ambayo sheria haikuyawaza. Mama ameshikwa na uchungu usiku, na dada yake hawezi kumwachia dereva amshike peke yake. Wakipanda wote wawili, dereva ni mkosaji. Akikataa kuwabeba, atawaangaliaje majirani kesho?

Ndiyo maana utasikia vijana wakisema hizi ni sheria za Nairobi. Malalamiko hayo yana ukweli. Lakini usikimbilie kutupa helmeti.

Fikiria ngamia. Miguu yake ni myembamba na mwili uko juu, kwa hivyo taa ya pikipiki inaweza kumpita chini kabla hujamwona. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Ukishtuka kwa sekunde moja tu, hizo mita zimeisha kabla hujagusa breki. Cochrane, mtandao unaokusanya tafiti za afya, ulikadiria kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Nairobi ukianguka kuna taa na watu wa kukuokota. Huku, giza na umbali wa hospitali kubwa vinaifanya helmeti iwe muhimu zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo askari wa trafiki haiulizii sana: mnyororo. Dada aliyekaa upande mmoja na jilbabu ndefu anaweza kunaswa upindo kwenye gurudumu. Kifuniko cha mnyororo na wavu wa kando ya gurudumu la nyuma si mapambo, bana.

Basi ufanyeje? Kama wewe ni dereva, anza na taa ya mbele, taa ya nyuma na helmeti ya pili. Mkiwa na chama cha boda, changeni mnunue nyingi kwa pamoja, zenye alama ya KEBS. Weka pia vitambaa safi vya kuvaa ndani, maana wengi hukataa helmeti kwa sababu ya jasho la mwenzake, wala hawajakosea. Kama wewe ni abiria, ulizia helmeti kabla ya kuulizia bei.

Na wenye mamlaka? Wanaotoza faini wahakikishe kwanza vifaa vinauzwa karibu na watu, na ambulensi inafika usiku. Sheria inayomkuta kijana barabarani na faini tu, ilhali duka la helmeti liko mbali naye, itamfundisha kukwepa askari. Ngamia yeye hakwepeki hivyo.